Akaunti Moja kwa Mwambao Mzima

Tangu niwaachie ufunguo wa kibanda, nyinyi vijana wa meza za simu hapa sokoni Rumonge hamjanipa amani. Mama Rama, tuandikie. Mama Rama, usiende na ujuzi wako kaburini. Kaburini! Nimeacha kazi kwa sababu ya macho, sikuacha kula. Lakini sawa, naandika, kwa sharti moja: msisome haya mkiwa na simu ya mteja imefunguliwa mezani. Skrubu ya simu ikianguka kwenye mchanga wetu haipatikani tena, na mteja hatataka kusikia kwamba ulikuwa unasoma.

Niliingia kazi hii kwa kushika waya. Nilikuwa nimepeleka simu ya mume wangu ikachajiwe kwa Fundi Masudi, enzi zile simu zilikuwa na vitufe na batri ilidumu kuliko ndoa nyingine. Masudi alikuwa fundi wa redio, mjukuu wa watu waliotoka Manyema, mwembamba, kofia haimtoki kichwani, na mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hiyo alikuwa akiunganisha kitu kidogo sana na mikono miwili haikumtosha.

"Dada, shika hapa. Usitetemeke."

Nikashika. Hakuniambia niachie, na mimi sikuuliza. Kesho yake nilirudi kuona kama redio ile inasema, nikashika waya mwingine, na huo ndio usaili wangu wote.

Masudi alizungumza na simu kama watu wanavyozungumza na mbuzi aliyekula nguo. Alizitukana, akazibembeleza, mwisho akazipuliza. Hapo kwenye kupuliza hatukuelewana hata siku moja. Pumzi ya mtu ina mate, na mate ya Masudi yaliua simu nyingi kuliko ziwa. Nyinyi tumieni mswaki mkavu, simu ikiwa imezimwa, polepole. Simu za watu wa Kizuka hasa, ambao mikono yao ina mawese tangu asubuhi, tundu la chaji hushika mafuta, mafuta yakashika vumbi, na mteja anakuja analalamika kwamba batri imekufa. Haijafa. Safisheni kwanza, ndipo mzungumze habari za batri.

Na simu iliyoanguka majini msiizike ndani ya kitu chochote. Mke wa mvuvi mmoja wa Gitaza alisikia kwamba mchele hukausha simu. Mchele hakuwa nao, akaizika ya mumewe kwenye gunia la ndagala kavu, hawa dagaa wa ziwa letu. Simu ilipona, mpaka leo sijui kwa nini, lakini kila mume alipoiweka sikioni paka wa jirani walikuja kumkalia miguuni. Aliniletea niitoe harufu. Nilijaribu kila kitu nilichokuwa nacho, kisha nikamshauri afuge paka.

Halafu zikaja simu za kugusa, na Masudi akafanya jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Simu ya Android ukiiwasha mara ya kwanza inakuomba akaunti, na akaunti inataka anwani ya barua pepe. Wateja wetu hawakuwa nayo. Mvuvi ukimuuliza imeli yake alikutazama kama umemuuliza jina la mamba. Masudi alijaribu kumfungulia kila mtu akaunti yake mwenyewe. Siku ya pili mtu amesahau neno la siri, siku ya tatu amemtuma shemeji aje kuuliza, na Masudi hakuwa mtu wa kufika siku ya tatu. Akafungua akaunti moja kwa jina la kibanda, akaiingiza kwenye kila simu iliyopita mezani.

"Mulango moja, batu bote banapita," alisema. "Kwani musikiti iko na milango ngapi?"

"Iko na mingi."

"Basi soko."

"Soko nayo iko na mingi."

"Wewe Mama Rama, shika waya."

Ambalo hakulifikiria ni kwamba akaunti ile ina kazi inayojiendesha yenyewe. Ukihifadhi jina na namba kwenye simu yako, akaunti inalichukua jina hilo na kulipeleka kwenye kila simu yenye akaunti hiyohiyo. Imetengenezwa hivyo kwa ajili ya mtu mmoja mwenye simu mbili. Sisi tulikuwa mtu mmoja mwenye simu kutoka Gitaza hadi Kigwena, pamoja na zile zilizovuka ziwa kwenda Kongo mifukoni mwa wafanyabiashara. Umehifadhi namba ya shemeji yako asubuhi, mchana iko kwa mtu wa Kizuka usiyemjua hata kwa sura.

Mngedhani watu walikasirika. Walifurahi! Ukimtafuta fundi wa mashine ya boti, yumo. Ukimtafuta mwenye gari la kwenda Bujumbura, yumo, pamoja na mpinzani wake. Tabu ilikuwa moja tu, kwamba kila mtu alikuwa amehifadhi "Mama". Orodha ilijaa akina Mama, na ukibonyeza mmoja unapokelewa na mama wa mtu mwingine, ambaye naye anataka kujua kwa nini siku hizi hupigi.

Watu wakafanya kile walichokijua. Hapa kwetu mawese yakipelekwa sokoni, kila nyumba ina alama yake kwenye madumu, ya rangi au ya kuchomwa kwa chuma cha moto, ili dumu lako lisichanganyike na la jirani. Alama zilezile wakazileta kwenye simu. Nyumba hii ikamalizia majina yake kwa O, ile kwa VV, nyingine kwa X. Mama VV si Mama O, na mambo yakaenda. Masudi alifariki akiamini kwamba amevumbua kitu. Mungu amrehemu. Mimi nikabaki na kibanda, akaunti na neno la siri.

Kazi iliyonipa jina baada yake ilikuwa kuhamisha watu, kutoka simu ya vitufe kwenda Android, kutoka Android kwenda iPhone ambazo watoto walioko Ulaya huwatumia wazazi bila kuuliza kama kuna wa kuwafundisha. Niwaambie nilichojifunza. Katika kuhama, kinachopotea ni kile ambacho hakuna aliyekiulizia. Kabla hamjagusa simu mpya, jueni majina ya mteja yamekaa wapi: kwenye kadi, kwenye simu yenyewe au kwenye akaunti. Msimuulize, hajui, tazameni wenyewe. Kadi hubeba majina machache na huyakata mkia. Yaliyo kwenye simu peke yake hufa na simu.

WhatsApp ndiyo huliza watu. Nakala ya mazungumzo inayotunzwa na Android haisomwi na iPhone, na ya iPhone haisomwi na Android. Njia ya kuyavusha ipo, lakini ni pale simu mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza, bado haijatumiwa, zote mbili zikiwa mezani kwenye chaji na namba ikiwa ileile. Mteja anayekuja baada ya kuitumia simu mpya mwezi mzima, mwambieni ukweli mapema, kwamba kuivusha sasa ni kuifuta hiyo mpya na kuanza upya. Wengine watawakasirikia. Na simu ya zamani msiifute siku hiyo, jamani. Mwacheni mtu akae na zote mbili mpaka amepiga, amepokea, ametafuta picha za harusi akaziona. Haraka ya kufuta huwa ni ya fundi, si ya mteja.

Mnapenda pia kazi za kujiendesha, na mimi nazipenda, ila wanaozitunga wanaishi mahali ambapo umeme haukatiki. Simu inaambiwa itunze nakala ikiwa kwenye chaji, ikiwa kwenye waifai, na mwenyewe akiwa amelala. Hapa umeme na waifai hukutana kama mtu na mtalaka wake, mara chache na kwa bahati mbaya. Simu inangoja mwaka mzima, na mwenyewe anajiona yuko salama. Kwa hiyo niliwafunga wateja wangu kwenye jambo ambalo hutokea kweli. Mwanamke wa mawese lazima aje siku ya soko, basi siku ya soko simu yake inakaa kibandani kwangu inachaji, inatunza nakala, inasasishwa, na yeye anauza. Nyumbani nilimwachia mambo madogo: picha na video za makundi zisijipakue, maana salamu za Ijumaa zenye maua zimeua nafasi kuliko filamu, masasisho yasiguse megas zake za intaneti, simu ijizime na kujiwasha yenyewe mara moja kwa wiki. Zile programu zinazojisifu kwamba zinasafisha simu, zitoeni bila huruma.

Sasa tumfikie Mama Nadia, ambaye anajua kusafisha kuliko programu yoyote. Mama Nadia ni mfanyabiashara wa mawese, mwanamke anayefagia ua ukiwa bado msafi. Binti yake alimtumia iPhone, nikamhamisha vizuri, WhatsApp yake ikavuka salama, na majina ya akaunti yakaingia yote. Kwenye simu yake ya zamani kioo kilikuwa kimepasuka na hakuwahi kuyaona vizuri. Kwenye kioo kipya aliyaona.

"Hawa batu bote ni banani mu simu yangu?"

Nilimweleza. Alitikisa kichwa kwa adabu, akaenda nyumbani, akakaa kwenye mkeka na kuanza kufagia. Aliwafuta wageni mmoja baada ya mwingine. Akaunti ikatii, kama ilivyofundishwa, ikawafuta kwenye kila simu ya mwambao.

Nilipofungua kibanda kulikuwa na watu wamejaa. "Mama Rama, mama watoto wangu amepotea," aliniambia mvuvi mmoja wa Kigwena, akinionyesha simu. "Amelala hapa pembeni yangu, lakini mu simu hayuko." Ndani ya akaunti kuna mahali pa kuirudisha orodha ilivyokuwa siku zilizopita, na mpajue mapema, kwa sababu nafasi hiyo haingoji milele. Nikairudisha. Kabla ya adhuhuri Mama Nadia alikuwa mlangoni, mkono kiunoni. "Barudi! Nimefagia, barudi bote!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kicheko kilikatika muda mfupi baadaye. Mwenye neno la siri la akaunti anaweza kuitafuta simu akiwa mbali, akaifunga, akaifuta hata. Neno la Masudi lilijulikana na nusu ya soko, kwa sababu alilitamka kwa sauti kila alipoliandika. Mvuvi mmoja alikosana na mwenzake juu ya mwanamke, na alipoamka simu yake ilikuwa tupu kama imetoka dukani. Picha pekee za marehemu baba yake zilikuwa humo. Hatukujua ni nani aliyefanya, na kila mmoja wetu angeweza. Yule kijana alikaa kwenye benchi langu asubuhi nzima, akiishika simu ile kwa mikono miwili. Hapo nikaamua kwamba sitawaachia nyinyi kibanda chenye akaunti ile.

Dawa ilikuwa moja. Kumfungulia kila mtu akaunti yake, kumpa majina yake kwa kufuata alama ya nyumba yake, halafu kubadilisha neno la siri la akaunti ya zamani. Neno likibadilika, kila simu iliyobaki ndani inatolewa nje, iwe ya hapa au ya ng'ambo. Nilichagua miezi ambayo ziwa hufungwa ili samaki wazaane, wavuvi wakiwa nchi kavu na wameishiwa visingizio. Nikatangaza kwamba siku ya mwisho ni ile ya kabla ziwa halijafunguliwa. Fabrice, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliwafungulia watu akaunti, na mimi nilichambua alama. Wa O walikuja, wa VV wakaja. Wa X hakuja.

Alama ya X ilikuwa ya Zaituni wa Kizuka, mkamuaji na muuzaji wa mawese, mwanamke wa maneno machache. Alitokea siku moja mchana, wateja wakiwa wamepungua.

"Amahoro, Mama Rama."

"Amahoro, dada. Lete simu tukufungulie yako."

"Yangu usiiguse. Iache vile iko."

Nikamweleza habari ya neno la siri, nikamweleza yaliyompata yule kijana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua orodha ya majina na kunipa. "Angalia zenye iko na X," alisema.

Habari ya Hamisi, mtoto pekee wa Zaituni, kila mtu aliijua. Alitaka kumwoa Esperance, binti wa ng'ambo ya ziwa na wa dini nyingine. Baba wa Hamisi akakataa, wakatupiana maneno ambayo hayarudi mdomoni, kijana akavuka ziwa. Baba akaitoa kadi ya simu ya Zaituni na kuikata kwa mkasi, ili Hamisi asiwe na namba ya kupiga, na akamwapisha mkewe kwamba hatampigia. Hamisi naye akabadilisha namba. Hayo tuliyajua. Ambalo hatukujua ni kwamba bado anaitumia simu aliyouziwa na Masudi, bado anahifadhi majina, na bado anayamalizia kwa X.

Zaituni aliyafuata kwa kidole, ya zamani kwanza.

"Kapitene Boti X. Huyu ndiye alimuvusha. Mwenye Nyumba X, hapa amepata pa kulala. Bosi Mbao X, basi samaki ameacha. Hapa ilikuja Dokta X. Kisha Dokta Mwingine X." Aliondoa kidole kwenye kioo. "Hiyo wiki sikukula, Mama Rama. Baba yake ananiuliza kama niko mugonjwa, ninasema ni meno. Kisha ikakuja Bosi Mbao Numero Mupya X, nikajua amepona, amerudi kazini. Mama Esperance X: amemuoa, sasa iko na mama mukwe. Na hii ni ya juzi."

Ilikuwa Mukunga X.

Nilikitazama kioo kile kwa muda mrefu. Nimefungua simu za watu miaka mingi na nimeona mengi ambayo sikupaswa kuyaona, lakini sikuwahi kuona mama akimlea mtoto mtu mzima kwa orodha ya majina. Nilisikia uchungu, na nilimwonea wivu pia, kwa sababu wanangu hupiga kila Jumapili na sijui hata nusu ya alichokuwa anakijua yeye.

"Kwa nini humpigii huyo Bosi Mbao ukamuulizia?"

"Niliapishwa nisipige. Sijapiga. Kusoma, hakuna mutu aliniapisha."

"Basi andika namba yako mpya humu, aione."

"Akijua ninamuona, atatoa hii akaunti. Atasema mama iko ananichunga. Nitabaki na nini?"

Niliwaza kila njia. Kuwatoa wengine wote na kumwachia yeye? Neno la siri lingebaki lilelile, na lilikuwa midomoni mwa watu. Kesho mtu angeweza kuifuta simu ya Zaituni, au ya Hamisi, au ya yeyote wa ng'ambo ambaye hakusikia tangazo letu. Kubadilisha neno na kumpa Zaituni peke yake? Simu ya Hamisi ingetolewa nje na dirisha lingezibwa upande wa pili. Fabrice alinong'ona kwamba tuahirishe mpaka mtoto azaliwe. Nilitamani kukubali. Nikamkumbuka yule kijana na simu yake tupu, nikamwambia Zaituni kwamba nitafunga siku niliyoitangaza, na mpaka siku hiyo orodha ni yake.

"Wewe watoto wako bote banakupigia," alisema. Akachukua simu yake, akaondoka bila kuaga. Nilistahili neno lile, na liliniuma siku nyingi.

Alirudi wakati wavuvi wameshaanza kushona nyavu kujiandaa na ziwa. Alikaa bila kusubiri kukaribishwa.

"Kama mulango itafungwa, nibishe hodi kwanza," alisema. "Nionyeshe pa kuandikia."

Nilimfungulia ukurasa wa jina jipya. Nilimshauri aandike jina la mwanawe na kumwomba apige nyumbani. Akakataa. Simu zilizobaki zote zingeona, na hakutaka watu wamcheke Hamisi kwamba anatafutwa na mama yake. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja: Bibi ya mutoto X. Chini yake akaweka namba yake mpya.

"Watu wa ng'ambo wakisema bibi wanamaanisha mke," nilimwonya.

"Hamisi nimemuzaa mimi. Anajua bibi ni nani."

Siku zilizofuata simu yake iliita, ndiyo, lakini watu wa mwambao ni watu wa mwambao. Mmoja alipiga kuuliza ni bibi wa mtoto gani. Mwingine wa Gitaza alidhani ni mwanamke anayelea watoto, akataka kumletea wanawe wawili. Kila ilipoita Zaituni aliacha alichokuwa anafanya, akajifuta mawese mikononi, akapokea. Aliwajibu wote kwa heshima. Kwa Hamisi haikutoka sauti.

Siku ya mwisho alikuja mapema, akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Fabrice aliwamalizia wa mwisho. Rezo ya mtandao ilikuwa dhaifu tangu asubuhi. Soko lilianza kufungwa, akina mama wakafunika ndagala, na mimi sikuwa na kazi nyingine ya kujisingizia.

"Nipe simu niangalie mara ya mwisho," nilimwambia.

Nikavuta orodha chini ijisasishe. Ilizunguka, ikazunguka. Ilipotulia nikatafuta Bibi ya mutoto X, na hayupo. Nilifikiri mtu amemfuta, na sikujua nitamwambiaje mwanamke huyu aliyekaa mbele yangu. Nikatafuta kwa namba badala ya jina. Namba ilikuwepo, ileile. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa limebadilishwa, nikalisoma, nikalisoma tena, kisha nikamgeuzia yeye, kwa sababu halikuwa langu kulisema.

Bibi ya Zaituni X.

Alisoma midomo ikitembea. Akaweka kiganja juu ya kioo kama anayezuia upepo usizime moto.

"Ni musichana," alisema. "Bamemupatia jina langu."

Fabrice alitoka nje akajifanya anapanga viti. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuwaficha. Zaituni hakulia. Alijifuta mikono kwa kitenge, ingawa siku hiyo haikuwa na mawese, akanirudishia simu.

"Funga sasa."

"Hamisi akiandika tena je?"

"Iko na numero yangu. Akipiga, mimi sikupiga, nimepigiwa." Akaikazia macho ile simu mkononi mwangu. "Lakini mbele ya kufunga, niwekee mulio mukubwa. Ile ya mwisho kabisa."

Nikaupandisha mlio mpaka mwisho. Fabrice akampigia kujaribu, na akina mama wa ndagala wakageuka wote kututazama. Zaituni akaridhika, akaifunga simu kwenye pindo la kitenge chake, nami nikaandika neno jipya la siri.